Ukuta Haukukata Waya

Jumanne, 30 Septemba

Baba ameanguka tena. Nilikuwa chini, hedifoni masikioni, nachapa maneno ya Mzungu mmoja anayekohoa kila akimaliza sentensi. Ndiyo kazi yangu — nasikiliza rekodi za watu wa mbali, naziandika. Nilipopanda na uji nikamkuta sakafuni, shavu kwenye simiti, jicho wazi. Ameniita mpaka sauti ikamkauka. Kwa muda gani? Hakutaka kusema. Kikoi kilikuwa kimemfunguka na alichosema ni "Nisitiri, Razan." Basi.

Huyu ndiye Khatib mshona kofia, ambaye hakuwahi kutoka mlangoni bila kanzu iliyopigwa pasi! Tangu kiharusi cha mwezi wa sita mkono wa kulia umekufa, mguu umekufa, na anaoshwa na binti yake. Mama hayupo, ndugu sina. Kuna Jerioth tu, muuguzi, anayekuja kufunga vidonda vya mgongoni.

Ningekaa naye juu. Lakini juu mtandao haufiki! Rauta iko chini, chumba cha mlangoni. Baba yuko chumba cha ndani kabisa, alikozaliwa, alikofia Bibi, na hataki kuhamishwa. Kati yetu ni kuta za mawe ya tumbawe, nene kama watu waliozijenga walikuwa wanaogopa mizinga. Waifai inapanda vidato vitatu, inakata roho. Na kutoboa nakshi za plasta nipitishe waya — Baba angenilaani kwa huo mdomo uliobaki.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimepata dawa! Duka la simu kule Langoni wana adapta za kupitisha mtandao kwenye waya za stima. Moja unaichomeka karibu na rauta, nyingine unaichomeka soketi yoyote ya nyumba, mtandao unatembea humo humo ukutani pamoja na stima. Sikuamini. Mwenye duka akasema kuna mtu wa mtaani kwetu alichukua kama hizi juzi na hajarudi kulalamika. Hautabeba rekodi zangu za kazi, akasema, ila kamera utaibeba; nikachukua, na kamera ndogo juu yake, ile inayogeuza shingo. Ina spika pia, unaweza kusema na mtu ukiwa mbali.

Nimeichomeka. Taa zikawaka kijani, zikajuana zenyewe! Karatasi inasema bonyeza kitufe cha pembeni ili uzifungie, zisikubali adapta ya mtu mwingine. Sikubonyeza. Nimfungie nani? Nyumba ni yetu. Neno la siri la kamera nalo nimeacha lile la kiwandani, nitalibadilisha nikipata nafasi.

Kamera nimeiweka kwenye kidaka, ile nafasi ya ukutani palipokuwa na sahani ya Bibi. Baba akaitazama sana.

"Nini hiko?"

Nikamwambia ni jicho langu, nikiwa chini namwona.

"Basi liwe lako. Watu wasinione hivi."

Nimemuahidi. Nimeahidi kwa jina la Mungu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Inafanya kazi. Namwona pembeni ya kioo cha kompyuta wakati nachapa. Sauti nimeifunga kwa sababu masikio ni ya Mzungu wangu wa kikohozi. Baba akigeuka, naona. Akitaka kuteremka kitandani, nakimbia. Leo nimekimbia mara moja tu. Nimekula chakula cha mchana nimekaa kitako!

Ila pampu ya maji ya upande wa pili ikiwaka, picha inaganda. Pampu yao inapiga kelele humo kwenye waya.

Upande wa pili ni kwa Ami Idris, mdogo wake Baba. Nyumba ilikuwa moja. Bibi alipofariki mimi nilikuwa darasa la sita. Ami alikuwa Faza kikazi. Akapelekewa habari, akapanda boti kuja Lamu, boti ikakwama kwenye mkondo wa Mkanda kungoja maji yajae. Baba hakumngoja. Joto, alisema, na maiti hacheleweshwi. Bibi akazikwa baada ya Alasiri. Ami akafika Magharibi, akakuta udongo mbichi. Hakuuona uso wa mamake. Matanga yalipoisha akaleta fundi, ukuta ukapita katikati ya ua, na akaapa mbele ya watu: mguu wake hautakanyaga kwa Khatib mpaka Khatib amwite mwenyewe, kwa kinywa chake. Baba hajamwita. Wamezeeka wanasali msikiti mmoja, safu mbalimbali.

Mita ya stima tu ndiyo haikugawanywa. Kuigawa kulitaka waende ofisini wote wawili, waketi mbele ya karani mmoja, waseme hii yangu na hii yake. Nani aende na nani? Basi mita ni ile ile moja ya Bibi. Tokeni tunanunua kwa zamu, na Bi Aaliya, mkewe Ami, hutuma mtu kuja kusema zamu imefika.

Jumatatu, 6 Oktoba

Baba ameanza kuweweseka. Nilimpelekea chai, akaniambia kwa uso mkunjufu kabisa, "Idris uyie." Idris amekuja.

Nikamuuliza amekuja wapi. Akaelekeza kidevu ukutani. "Hapano. Alinisomea Yasini. Akakosea pahala, nikamrekebisha."

Nililia jikoni. Nilijua mwili utakwenda. Sikujua na akili itakwenda mapema hivi.

Jumatano, 8 Oktoba

Jerioth alikuja. Vidonda viwili vimekauka, cha tatu kinanuka. Alikisafisha bila kukunja pua, Mungu ambariki huyu mtoto wa Nyeri. Akasema mzee ana moyo leo, amekula, ameomba kofia avae. Kisha, akinawa mikono: "Dada Razan, ile redio mmemwekea ni poa sana. Nilisikia ikisoma Kurani nikipanda."

Hatuna redio, nikamwambia. Labda msikitini.

"Labda," akasema. Msikiti ulikuwa kimya saa hizo. Nilijua ulikuwa kimya. Sikufikiri zaidi, nilikuwa na rekodi mbili za kumaliza.

Na ni kweli, midomo ya Baba naiona ikienda kila baada ya Alasiri. Nilidhani ni dhikri.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mtandao ulikuwa mzito tangu asubuhi. Baada ya Alasiri nikafungua ukurasa wa adapta kwenye kompyuta nione kuna nini. Zangu ni mbili. Zilizoorodheshwa ni nne! Nikafungua kamera. Pale juu pameandikwa: watazamaji 2. Mmoja ni mimi.

Nikazima rekodi ya kazi. Nikafungua sauti ya kamera, kwa mara ya kwanza tangu niinunue.

Sauti ya Ami Idris! Ile ya kukwaruza, ninayoisikia nyuma ya ukuta akigombana na kuku. Ilikuwa chumbani kwa Baba, inatoka kwenye kile kidude cha kidakani. "…wakumbuka tulipotumwa Matondoni, punda akatutupa maini, tukarowa? Na wewe ukalia kanzu yako, hukunililia mimi." Na Baba akacheka. Kicheko cha upande mmoja wa mdomo, mate yakamtoka, akacheka tena. "Kanzu ilikuwa mpya," akasema.

Nilikaa hapo chini na hedifoni mpaka wakaagana. Hawakuagana hasa. Ami alisema tu, "Haya," na Baba akasema, "Haya." Ndugu hawa hawajazungumza tangu nikiwa na mkoba wa shule.

Sasa naelewa. Mtu wa mtaani aliyenunua adapta juzi ni Swafwan, mtoto wa Ami. Yeye hakubonyeza kitufe, mimi sikubonyeza kitufe. Za duka moja zinajuana. Ukuta tuliujenga, waya hatukukata. Na pampu ilikuwa ikiniambia kila siku! Kama kelele ya pampu inafika, kitu gani hakifiki?

Sijui nicheke au nilie. Leo nalala njaa kwa furaha na woga.

Jumapili, 12 Oktoba

Furaha imekufa asubuhi.

Nilikuwa namwosha Baba. Kikoi kiko chini, nimemgeuza ubavu, namsafisha alipochafuka. Simu yangu ilikuwa kwenye kiti, nikaitupia jicho. Watazamaji 2.

Nilitupa kanga juu ya kamera. Baba akauliza kuna nini. Nikamwambia ni nzi.

Siku zote hizi! Kila asubuhi nimemvua nguo mbele ya nyumba ya ndugu yake. Baba yangu mimi, anayeona haya hata mbele yangu. "Watu wasinione hivi." Nami nikaahidi!

Nilitoka bila buibui kamili, mtandio tu, nikamkuta Swafwan kwenye ngazi za barabarani anafunga viatu. Nikamshika shati. Kijana wa miaka ishirini na tatu, aliruka kama mwivi.

"Wallahi Razan, sikuhack kitu. Kamera ilitokea tu yenyewe kwa simu, password ni moja mbili tatu nne. Nikamwonyesha mzee. Nilidhani atanizaba kofi. Akainyakua simu, hakurudisha. Nikamfunza pale pa kubonyeza aongee, tangu hiyo siku kila Alasiri yuko nayo."

"Na asubuhi? Na nikimwosha?"

"Asubuhi simu iko kwa chaji! Imeachwa wazi tu, iko juu ya kabati, hakuna mtu anaangalia. Naapa."

Nikamuuliza kwa nini babake asipite mlangoni kama watu. Ni hatua chache, uchochoro mmoja.

"Si unajua kiapo. Mzee anasema aliapa mguu. Sauti hakuapa."

Labda ni kweli kuhusu chaji. Labda simu ilitazama kabati tu. Lakini simu ya nani, kabati gani, nani anapita mbele ya kabati hilo? Bi Aaliya? Wageni wa Bi Aaliya? Sikuweza kuliondoa kichwani. Nikarudi, nikabonyeza kitufe cha adapta ya chini kisha ya juu. Taa zikazima, zikawaka. Zimebaki mbili. Nikabadilisha na neno la siri.

Nimetimiza ahadi. Nilidhani nitapata usingizi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Baba alingoja.

Baada ya Alasiri akaniambia nimvishe kofia, nimwinue mto. Akageuza uso kwenye kidaka. Nikashuka kufanya kazi, nikamwona kwenye kioo: anatazama kamera, yaani ananitazama mimi, lakini hanitazami mimi. Nusu ya kwanza ya rekodi, anatazama. Mwisho wa rekodi, anatazama. Kofia imekwenda upande.

Nikampelekea tambi za maziwa. Hakufungua mdomo.

Nimwambie nini? Nikimwambia ukweli, atajua ameonekana. Atajua siku zote zile alionekana, na kwamba mimi ndiye niliyefungua dirisha. Nikinyamaza, ataona Ami amemchoka. Nimenyamaza. Mimi ni mwoga, na nina hasira na kila mtu, na Mzungu bado anakohoa.

Jumanne, 14 Oktoba

Ameita.

Nilikuwa nimeacha sauti ya kamera wazi kwenye sikio moja, sijui kwa nini. Alasiri ilikuwa imetoka. Mara sauti ya Baba, wazi, sauti ya zamani ya kuita mtu ng'ambo ya ua:

"Idris! Idris, ndoo."

Njoo! Alisema njoo! Neno ambalo hakulisema nilipoolewa, hakulisema nilipoachwa, hakulisema Mama alipokufa na Ami akasimama nje uchochoroni na jeneza likampita. Alilisema leo, mbele ya kamera niliyoifunga mimi. Upande wa pili hakuna aliyesikia. Kamera haina kadi, haikuweka kitu. Nimesikia mimi peke yangu.

Nilikimbia. Bi Aaliya alifungua, akaona uso wangu, akasema Inna lillahi. Nikamwambia la, bado. Ami Idris alikuwa amekaa sebuleni mwake, ambayo ni nusu ya sebule yetu ya zamani, bakora kati ya magoti. Amekonda. Simu iko juu ya mkeka mbele yake, kioo cheusi.

Nikambusu mkono. Nikamwambia, Ami, amekuita. Sasa hivi. Amesema Idris ndoo.

Hakuinua macho.

"Nimekaa mbee ya kidude hiki siku zote hizo. Nimemsomea, nimemchekesha, nimengojea neno moya tu. Hakulinena. Leo mumenifungia ndipo analinena?"

Nikaapa. Akasema nisiape. Akasema ananijua mimi ni mtoto mwema, sitaki aibu ya watu kusema ndugu hakuingia nyumba ya msiba, kwa hiyo natengeneza maneno. Nikasema sitengenezi!

"Ulinifungia mlango, mwanangu," akasema. Taratibu, wala hakuwa na hasira. "Wa pili huo. Wa kwanza ni kaburi la mama."

Nikamweleza kuhusu kumwosha, kuhusu kikoi, kuhusu watazamaji wawili. Hapo ndipo aliponitazama. Akafunika uso kwa kiganja. "Simu iko yuu ya kabati asubuhi," akasema. "Sikumwona uchi ndugu yangu. Wallahi sikumwona." Namwamini. Nimechelewa siku mbili kumwamini.

Lakini kuja hakuja. Alisema fungua, na nikifungua, atasikia kwa sikio lake. Akiita, atavuka saa ile ile.

Nikarudi mbio. Nimezirudisha adapta kama zilivyotoka dukani, nimerudisha na neno la siri la kipumbavu. Taa nne! Nikapanda. Nikamwambia Baba kila kitu. Kila kitu, hata kuoshwa. Alifumba macho kwa muda. Kisha nikamwambia, Baba, anasikia sasa, mwite tena.

Akasema, "Nishaita."

Hakusikia, Baba. Nilikuwa nimefunga.

"Mimi simwiti mtu mara mbili."

Na upande wa pili spika ilikuwa wazi! Ami alisikia hilo! Alisikia "simwiti," hakusikia "nishaita" — au alisikia yote, sijui. Kidude kikatoa mkwaruzo mmoja, kikanyamaza. Nilitaka kukibamiza ukutani. Nilitaka kuwabamiza wote wawili, vizee vya ubishi, mmoja anangoja neno na mwingine ana neno amelikalia!

Jumatano, 15 Oktoba

Stima imekatika tangu alfajiri, Lamu yote mpaka Wiyoni. Adapta ni vipande vya plastiki tu. Simu nazo — mnara umekufa na stima. Nilimpigia Jerioth, hapatikani.

Na leo ndipo ikatokea. Nilimkuta Baba asubuhi mdomo umekwenda upande mwingine, jicho la kushoto linachuruzika. Nikamsemesha. Akavuta pumzi, akasukuma, ikatoka hewa. Hewa tu. Akajaribu tena, nikaona anavyotafuta. Kisha akaona mimi nimeona, akafumba mdomo.

Nikatuma mtoto amwite Jerioth, akaja kwa miguu, jasho linamtoka. Akamsikiliza kifua muda mrefu. Nikamuuliza hospitali. Akamuuliza Baba mwenyewe, akamshika mkono wa kushoto: ukitaka twende, nifinye. Baba hakufinya. Jerioth akanitoa nje ya mlango.

"Dada, hii ni ya pili, na ni kubwa. Kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe leo."

Kama kuna mtu wa kuitwa! Nilicheka usoni mwake, maskini. Nikamwomba msamaha.

Nilikwenda kwa Ami tena. Alikuwa hajala tangu jana, Bi Aaliya alisema. Nikasema, amepoteza sauti. Hawezi tena kuita, hata akitaka. Kiapo chako sasa kina maana gani?

"Siwezi kukivunja, niliapia kaburi la mama," akasema. "Alinizikia mama bila mimi. Kiapo ndicho kitu changu cha pekee kwake."

Bi Aaliya akalia kwa sauti, akamwambia aende, Mungu ni mwingi wa kusamehe, afunge siku tatu, alishe masikini, aende! Ami akasema stima ikirudi ataketi na ndugu yake kama kawaida. Hivyo ndivyo alivyosema. Kama kawaida.

Stima haikurudi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Stima imerudi wakati wa kuadhini Alasiri. Naandika hapa hapa chumbani, juu ya goti. Sikushuka kazini leo. Sitashuka.

Nimemvisha kofia. Aliyoishona mwenyewe, ya mshono wa vito, ya mwisho kabla ya mkono kufa. Nimemfunika shuka mpaka shingoni, nimemsitiri vizuri. Anapumua kwa vipindi: anavuta, anakaa, nahesabu, anavuta. Nimemlainisha midomo kwa maji na kitambaa.

Adapta zimewaka. Nimetazama kwenye simu yangu. Nne. Watazamaji 2.

Nikasema, Ami, uko hapo?

Spika iko wazi, nasikia kitu, kama mtu anayepumua karibu sana na simu. Nikasema, Ami, mtazame, yuko tayari. Mwambie neno.

"Si wewe," ikasema ile sauti. "Yeye."

Hawezi!

Ami akaanza Yasini, chini chini. Baba akafungua jicho. Namna alivyofungua! Akageuza uso wote kwenye kidaka, kwa taabu. Ami akasoma, akafika mahali akakosea — nadhani ni mahali pale pale — na akasimama. Alikuwa anangoja kurekebishwa. Baba akasukuma hewa. Akasukuma tena. Mishipa ya shingo ikamtoka. Nikataka kulisema mimi lile neno la aya, nikajizuia kwa mkono mdomoni.

Ami hakuendelea.

Ndipo Baba akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka. Nilidhani anataka maji. Aliuinua mpaka usawa wa kifua, kiganja chini, vidole vikavuta hewa kuja kwake. Mara moja. Mara ya pili. Hivi ndivyo tunavyomwita mtu hapa mdomo ukiwa umejaa au mtoto amelala. Hivi ndivyo alivyoniita mimi maisha yangu yote kutoka ng'ambo ya ua. Mkono ukamwangukia.

Mara mbili, yeye asiyemwita mtu mara mbili.

Nikapiga kelele, Ami, umeona? Umeona?

Nimetazama simu: watazamaji 1. Adapta bado ni nne, sio stima. Amefunga mwenyewe. Ama ameona na ameinuka, ama alikuwa ameshafumba macho kwa hasira kabla mkono haujainuka, ama ameuona mkono na haukumtosha, maana aliapa kinywa. Sijui. Kioo hakisemi.

Nimeshuka mbio, nimetoa komeo la mlango wa barabarani, nimeacha mbao zote mbili wazi kabisa. Nimerudi juu. Anavuta, anakaa. Anakaa zaidi kuliko mara iliyopita.

Uchochoro ni mfupi. Bakora ya Ami ina chuma chini, ikigonga mawe nitaisikia mpaka huku. Kuna punda anapita. Kuna watoto wa chuo cha Kurani. Nasikiliza.